PROGRAMU KONGWE ISIYOTAKA KUTOKA: NJIA YA KUIONDOA KATIKA KOMPYUTA YA NYUMBANI

Somo kwa wananchi wenye kompyuta majumbani, Visiwani na kwa walioko kazini Dodoma

Tangu Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilipoharakisha kuhamia Dodoma mwaka 2016, wapo wananchi wa Unguja na Pemba ambao kazi za Muungano zimewapeleka kuishi katika uwanda wa kati. Chamwino, iliyoko mashariki ya jiji la Dodoma kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, ndiko iliko Ikulu ambayo jengo lake jipya lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Mtu anapohama huhama na vyombo vyake, na katika zama hizi kompyuta nayo ni chombo cha nyumba. Lakini kompyuta haihami mtupu. Huhama na kila programu iliyowahi kuingizwa ndani yake, zenye kazi na zisizo na kazi, na aghalabu zile zisizo na kazi ndizo ngumu kuziondoa.

Ichukuliwe mfano wa nyumba moja ya aina hiyo. Baba ni mtumishi. Mama ni mtunza fedha wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama thelathini. Kompyuta yao ya mezani ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, nayo ina programu ya kuzuia virusi ambayo muda wake umekwisha, ina programu ya kuonyesha picha za mtandaoni ambayo mtengenezaji wake amekwisha kuiacha, na ina programu ya zamani ya hesabu ambayo kampuni iliyoitengeneza imekwisha kufungwa. Kila ikiwashwa hutoa ilani tatu na huchukua robo saa kuwa tayari. Kijana wa nyumba, aliyerudi likizo kutoka skuli, anaona amsaidie mama yake. Anafungua folda zilizo na majina ya programu hizo, anazifuta moja baada ya moja, kisha anamwaga na jalala la kompyuta. "Mama, imepona," anasema.

Haikupona. Siku ya pili ilani zinatoka vilevile, na sasa zimezidi mbili. Programu ya kuzuia virusi haikufutika kwa sababu ilikuwa kazini. Ile ya hesabu imefutika kweli, lakini ndani ya folda yake mlikuwa na hesabu za kikundi za miaka minne. Siku ya kugawana, wanachama thelathini watakaa kitako na daftari halipo. Waswahili wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kosa la kijana huyo halikuwa katika nia yake, lilikuwa katika mpango wa kazi. Programu huondolewa kwa kupitia mlango ule ule ilioingilia, baada ya kutolewa kwanza amana zote zilizowekwa ndani yake. Somo hili linaeleza mpango huo.

PROGRAMU KONGWE NI IPI

Programu haihesabiwi kuwa kongwe kwa miaka yake. Huhesabiwa hivyo pale mtengenezaji wake anapoacha kuitengenezea masasisho, yaani marekebisho ya kuziba nyufa zinazogunduliwa. Tangu siku hiyo, kila ufa utakaogunduliwa hubaki wazi, na wezi wa mitandaoni huujua kama wanavyoujua watu wa heri. Mifano ifuatayo ni ya kweli, na baadhi ya programu hizo zingali zikikutwa katika kompyuta za majumbani:

(a) Flash Player. Programu hii ya kampuni ya Adobe ilikuwa ikionyesha michezo na picha za video katika kurasa za mtandao. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 iliizuia isionyeshe chochote. Kwa hiyo ukurasa wowote unaomtaka mtu leo "asasishe Flash" ni wa utapeli. Flash haipo tena ya kusasishwa, na kinachoingizwa kwa jina lake huwa ni kirusi.

(b) QuickTime ya Windows. Mwezi wa Aprili 2016 ilidhihirika kuwa kampuni ya Apple imeacha kuitengenezea marekebisho wakati nyufa mbili zimekwisha kugunduliwa. Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani iliwashauri watumiaji waiondoe kabisa.

(c) Internet Explorer. Kivinjari hiki cha Microsoft kilistaafishwa rasmi tarehe 15 Juni 2022.

(d) WinRAR za zamani. Programu hii ya kufungashia mafaili imeenea sana, na haijisasishi yenyewe. Mwezi wa Februari 2019 watafiti walitangaza kwamba ndani yake mna kipande cha kufungulia mafaili ya aina ya ACE ambacho hakikuguswa tangu mwaka 2005, na kwamba ufa uliokuwamo ulikuwa na umri wa miaka 19 hivi. Watengenezaji hawakuwa na maandishi asilia ya kipande hicho, hawakuweza kukirekebisha, na wakakiondoa kabisa katika toleo la 5.70. Mwenye toleo la kabla ya hapo angali na ufa huo nyumbani kwake.

Mfano wa hatari yenyewe ulionekana tarehe 12 Mei 2017, pale kirusi kilichoitwa WannaCry kilipoenea katika nchi zaidi ya 150, kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kilipita katika njia ya zamani ya kompyuta kupeana mafaili, iitwayo SMB toleo la kwanza. Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake miezi miwili kabla, mwezi wa Machi, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimeinywa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Microsoft ilianza kutoa Windows 10 ambayo njia hiyo haikuwekwa kwa kawaida. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KWA NINI PROGRAMU HUKATAA KUTOKA

Wengi hudhani kwamba programu ni folda moja, na kwamba folda ikifutwa programu imekwisha. Sivyo. Programu inapoingizwa hujigawa. Mwili wake mkubwa hukaa katika folda ya Program Files. Mipangilio yake hukaa katika folda zilizofichwa za mtumiaji. Jina lake na anwani za vipande vyake huandikwa katika rejista ya mfumo, ambayo ndiyo daftari kuu la kompyuta. Baadhi ya programu huweka pia huduma inayoamka kila kompyuta inapowashwa, na ratiba ya kujiamsha zenyewe kila siku. Anayefuta folda peke yake ni kama aliyebomoa nyumba ya mpangaji akaacha jina lake katika daftari la mtaa. Kila siku ataitwa, na kila siku jibu litakuwa hayupo. Hizo ndizo ilani zinazotoka baada ya folda kufutwa.

Programu hukataa kutoka kwa sababu zinazojulikana, nazo ni chache:

(i) Iko kazini. Mfumo hauruhusu kufuta faili linalotumika.

(ii) Anayeiondoa hana madaraka. Kompyuta hutofautisha mtumiaji wa kawaida na msimamizi, na ni msimamizi tu awezaye kuondoa programu iliyowekwa kwa ajili ya watumiaji wote.

(iii) Kiondoaji chake kimepotea. Programu nyingi huja na kiondoaji chake. Zile zilizoingizwa kwa njia ya kisakinishi cha Windows huacha nakala ya maelekezo katika folda iliyofichwa iitwayo Installer, ndani ya folda ya Windows. Watu wanaotafuta nafasi katika diski huikuta folda hiyo ni kubwa wakaifuta, na tangu hapo programu zao hazisasishiki wala haziondoki.

(iv) Inajilinda kwa makusudi. Programu za kuzuia virusi zimetengenezwa ili kirusi kisiweze kuziondoa, na kompyuta haina namna ya kupambanua mkono wa kirusi na mkono wa mwenye nyumba.

Kwa hiyo ukaidi wa programu una sababu, na kila sababu ina dawa yake. Anayejua sababu hahitaji kutumia nguvu.

MATAYARISHO KABLA YA KUONDOA

Sehemu hii ndiyo iliyo muhimu kupita zote, nayo ndiyo inayorukwa na wengi. Programu ikiondolewa huweza kurejeshwa. Hesabu, barua na picha zilizokuwa ndani yake zikipotea, mara nyingi hazirudi.

Kwanza, mwenye kompyuta aandike katika karatasi majina ya programu anazotaka kuziondoa, na mbele ya kila jina aandike ni kitu gani chake kimo ndani yake. Flash haina amana ya mtu. Programu ya hesabu inayo. Programu ya zamani ya barua pepe nayo huenda inahifadhi barua zote za miaka mingi katika faili moja lenye jina lisilofahamika.

Pili, amana zitolewe zikiwa katika sura inayosomeka na programu nyingine. Programu nyingi za hesabu zina uwezo wa kutoa majedwali katika sura ya CSV, ambayo husomwa na programu yoyote ya majedwali. Ikiwa haiwezekani, hesabu zichapishwe katika karatasi au katika sura ya PDF. Juu ya hayo, folda nzima ya programu hiyo inakiliwe kama ilivyo katika diski ya nje.

Tatu, nakala ijaribiwe katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa haijulikani kama ni nakala. Mtunza fedha afungue majedwali na ahakiki jumla ya mwisho, shilingi kwa shilingi, dhidi ya zile zilizomo katika programu ya zamani.

Upo mfano mwema hapa nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Programu ile imekwisha kupitwa na wakati. Hata hivyo barua zilizoandikwa kwayo zingali zikifunguka katika LibreOffice ya leo, kwa kuwa mpangilio wa mafaili yake ulikuwa wazi kwa kila mtengenezaji. Programu ilikwenda zake, maandishi yakabaki. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nne, kama programu ina namba ya leseni iliyolipiwa, namba hiyo iandikwe. Huenda ikahitajika kuingiza programu upya.

Tano, itengenezwe alama ya kurejea. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, andika SystemPropertiesProtection, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Dirisha litakalofunguka lina kitufe cha kutengenezea alama hiyo. Kazi ikiharibika, mfumo huweza kurudishwa ulivyokuwa. Izingatiwe kwamba alama hii hurudisha mfumo na programu tu. Haihifadhi mafaili ya mtu, na kwa hiyo haichukui nafasi ya diski ya nje.

Sita, uangaliwe umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba ikizimika katikati ya kazi hii, programu hubaki nusu iko nusu haiko, na hiyo ndiyo hali ngumu kuliko zote. Kazi ifanywe wakati umeme umetulia, na si wakati wa ngurumo za masika ya uwanda wa kati. Mwenye kompyuta ya mkononi ahakikishe betri imejaa na waya umechomekwa. Aidha, kwa wakaao penye vumbi jingi kama la kiangazi cha Dodoma, ni vyema matundu ya kupitishia hewa yakapanguswa kabla, kwani kompyuta iliyopata joto huzimika ghafla.

UTARATIBU WA KUONDOA

Hatua ya kwanza ni kuzima kompyuta na kuiwasha upya, ili masasisho yaliyosubiri yamalizike. Baada ya hapo programu inayoondolewa isifunguliwe. Kama imejifungua yenyewe, ifungwe kwa alama yake ndogo iliyoko pembeni mwa saa, chini kulia mwa skrini. Isipofungika, vibonyezwe kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha litaonyesha kila kinachofanya kazi, na hapo huweza kusimamishwa.

Hatua ya pili ni kupita mlango rasmi. Bonyeza kitufe cha Windows na herufi R, andika appwiz.cpl, kisha ingiza. Amri hii inakubalika katika Windows za zamani na za sasa, na katika lugha yoyote ya skrini. Itatokea orodha ya programu. Ichaguliwe ile inayotakiwa, kibofywe kitufe cha kuondoa kilichoko juu ya orodha, na kila swali lisomwe kabla ya kujibiwa. Baadhi ya programu huuliza kama na mafaili ya mtumiaji yaondolewe. Mwenye shaka ajibu hapana. Kazi ikimalizika, kompyuta izimwe na kuwashwa upya hata kama haikuomba, kwa sababu vipande vilivyokuwa kazini huondolewa wakati huo.

Ziondolewe moja moja. Anayeondoa tano kwa mpigo, kompyuta ikikorofisha, hatajua ni ipi iliyokorofisha. Haraka haraka haina baraka.

Hatua ya tatu ni kwa ile iliyokataa. Dawa zifuatazo zijaribiwe kwa mpangilio huu, na mtu asiruke moja kwenda nyingine:

(a) Kuingia kwa akaunti ya msimamizi na kurudia hatua ya pili.

(b) Kuingiza tena programu ile ile, ya toleo lile lile, juu ya ile iliyopo, kisha kuiondoa. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini lina maana yake. Kuingiza upya hurudisha kiondoaji kilichopotea, na mlango uliokuwa umezibwa hufunguka. Hata hivyo, programu hiyo ipatikane kwa mtengenezaji mwenyewe au katika diski yake asilia, si katika kurasa zinazogawa programu za wizi.

(c) Kutumia kiondoaji maalumu cha mtengenezaji. Makampuni ya Avast, Norton, McAfee, Kaspersky na ESET kila moja imetoa kiondoaji cha kuondolea programu yake ya kuzuia virusi. Adobe nayo ilitoa cha Flash. Kilihitajika kwa sababu sasisho la Microsoft la kuondoa Flash, lenye namba KB4577586, liliondoa ile tu iliyokuja na Windows; iliyoingizwa na mtu kwa mkono wake ilibaki mahali pake. Kiondoaji kichukuliwe katika ukurasa wa kampuni yenyewe.

(d) Kutumia chombo cha Microsoft cha kurekebisha uingizaji na uondoaji wa programu, kinachopatikana bure katika ukurasa wake wa misaada. Kazi yake ni kusahihisha maandishi yaliyoharibika katika rejista.

(e) Kuingia katika hali salama, ambamo kompyuta huwaka na vitu vya lazima peke yake, na programu nyingi sugu hukutwa zimelala. Kitufe cha Shift kishikiliwe wakati wa kuchagua kuwasha upya, kisha yafuatwe maelekezo ya skrini. Hapa pana tahadhari mbili. Kompyuta ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker huenda ikadai ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo uwe umeandikwa kabla. Pili, kisakinishi cha Windows kwa kawaida hakifanyi kazi katika hali salama, kwa hiyo programu zinazokitegemea hazitaondoka humo kwa njia ya kawaida. Hali hii hufaa zaidi kwa viondoaji maalumu vilivyotajwa katika (c).

Hatua ya nne ni kufagia. Baada ya programu kuondoka huenda folda yenye jina lake ikabaki. Isifutwe siku hiyo. Ibadilishwe jina kwanza, kwa mfano kwa kuongezwa neno "kale", na iachwe wiki mbili. Kama hapana kilicholalamika, ifutwe. Viongezo vilivyobaki ndani ya kivinjari navyo viangaliwe na kuondolewa.

NENO MAHSUSI JUU YA PROGRAMU ZA KUZUIA VIRUSI

Programu ya kuzuia virusi iliyokwisha muda wake ni mlinzi aliyelala mlangoni: hazuii mwizi, na kiti chake hakikaliwi na mwingine. Windows 10 na 11 zina mlinzi wake, Defender, asiyelipiwa. Mlinzi huyo hujiweka pembeni anapokuta mlinzi mwingine ameandikishwa, na hurejea kazini mwingine anapoondolewa. Baada ya kuondoa ile ya zamani, ni wajibu kufungua ukurasa wa usalama wa Windows na kuhakikisha kuwa Defender amerejea. Wala isiwekwe ya pili juu ya ya kwanza kwa kudhani kwamba wawili ni bora kuliko mmoja. Wawili hushukiana, na kompyuta ndiyo inayoumia.

MAMBO YA KUJIEPUSHA NAYO

Yafuatayo yaepukwe kabisa: kufuta folda za programu kwa mkono kabla ya kupita mlango rasmi, kufuta chochote ndani ya folda ya Windows, kuingia katika rejista na kufuta mistari kwa kufuata maelekezo ya mtu asiyejulikana, na kuingiza programu zinazodai kusafisha rejista na kuongeza kasi, kwani nyingi kati ya hizo ndizo zitakazokuwa sugu kesho.

Kwa anayepeleka kompyuta kwa fundi, ni haki yake kuuliza mambo matatu kabla ya kuiacha: nakala ya mafaili itawekwa wapi, ni programu gani zitaondolewa, na ni zipi zitaingizwa badala yake. Fundi mwema hujibu bila kukasirika. Akisema atafuta diski yote na kuweka mfumo mpya, mwenye mali asikubali mpaka awe ameishika mkononi diski ya nje yenye mafaili yake, naye ameyafungua. Mfumo utakaowekwa uwe na leseni halali, kwa kuwa programu ya wizi haina wa kuulizwa inapoharibika, na baadhi ya wavunjaji leseni huficha virusi ndani ya vyombo vyao.

Na kwa yule ambaye balaa limekwisha kumfika, kama kijana wa mfano wa hapo juu, la kwanza ni kuacha mara moja kuitumia kompyuta hiyo. Faili lililofutwa aghalabu halitoweki papo hapo. Nafasi yake huhesabiwa tu kuwa wazi, mpaka iandikwe kitu kingine. Kila linaloandikwa baadaye hupunguza tumaini. Katika kompyuta zenye diski za kisasa zisizozunguka tumaini hilo ni dogo zaidi, kwani diski hizo hujifuta zenyewe kwa haraka. Aangalie jalala kwanza. Kama limemwagwa, azime kompyuta na amtafute mjuzi wa kurejesha mafaili.

IWAPO MFUMO WENYEWE NDIO MKONGWE

Pengine programu iliyopitwa na wakati ni Windows yenyewe. Ili kujua toleo lililopo, bonyeza kitufe cha Windows na herufi R, andika winver, kisha ingiza. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Windows 10 ya majumbani, Microsoft ilitangaza mpango wa masasisho ya ziada ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, mojawapo likiwa ni kuwa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Mwenye kompyuta ya namna hiyo halazimiki kuitupa. Mifumo ya Linux, kama Ubuntu na Linux Mint, haiuzwi, hupokea masasisho, na Linux Mint hasa hukaa vizuri katika mashine za miaka iliyopita. Programu ya LibreOffice hufungua barua na majedwali ya kawaida. Lakini kwa mfumo mzima kama kwa programu moja, kanuni ni ile ile: amana kwanza, kuondoa baadaye.

HITIMISHO

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Programu iliyokaa miaka bila jembe, tena ikiacha mlango wazi usiku, haina sababu ya kubakishwa. Hata hivyo mgeni hafukuzwi kabla ya kuulizwa nini cha mwenyeji kimo mikononi mwake.

Nyumba ya Chamwino iliyotajwa mwanzo, lau ingelifuata mpango huu, ingelitumia siku mbili mahali pa nusu saa. Siku ya kwanza mama angelitoa hesabu za kikundi, akazihakiki katika kompyuta nyingine, na kuziweka katika diski ya nje pamoja na nakala ya karatasi. Siku ya pili kijana angeliondoa Flash kwa mlango wake, programu ya kuzuia virusi kwa kiondoaji cha mtengenezaji, na ile ya hesabu mwisho wa yote. Ilani zingelikoma. Na siku ya kugawana, wanachama thelathini wangelisomewa kila mmoja fungu lake.